Viungo vinauma? Jua ugonjwa wako kabla ya kubadilisha chakula

Mama mmoja alikuja kuniona akilalamika kwamba magoti yanamuuma kiasi cha kushindwa kupanda ngazi za nyumba anamoishi. Kabla sijamuuliza lolote, alinieleza jinsi alivyokuwa akijitibu. Kwa miezi 8 alikuwa ameacha kula maharagwe, nyanya, mayai na maziwa, kwa kuwa majirani walimwambia kwamba vyakula hivyo huleta baridi yabisi. Alikuwa akishindia mkate, ugali kwa mboga kidogo, na chai ya rangi yenye sukari nyingi. Magoti hayakupata nafuu. Uzito wake ulikuwa umeongezeka na damu yake ilikuwa imepungua.

Kosa lake si la ajabu. Wengi wetu hudhani kuwa baridi yabisi ni ugonjwa mmoja, wenye orodha moja ya vyakula vya kuepukwa. Ukweli ni kwamba magonjwa ya viungo ni mengi, na chakula kinachomfaa mgonjwa mmoja huenda kikamdhuru mwingine. Hebu tuangalie aina tatu ambazo sisi madaktari hukutana nazo mara kwa mara.

KULIKA KWA VIUNGO

Aina hii huwapata zaidi watu wenye umri mkubwa na walio wanene. Gegedu, yaani mfupa laini unaofunika ncha za mifupa ili isisuguane, hulika polepole. Hakuna chakula kinachoponya hali hii. Kinachosaidia ni kupunguza uzito. Imekadiriwa kwamba kila kilo 1 unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua. Katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka wa 2013, wagonjwa wa magoti waliobadilisha chakula na pia kufanya mazoezi walipata nafuu kuliko waliofanya mazoezi pekee.

Igawe sahani yako hivi: nusu iwe sukuma wiki, kabichi au mchicha; robo iwe ugali, wali au chapati; na robo iliyobaki iwe maharagwe, ndengu, samaki au kuku. Punguza mafuta ya kukaangia, maandazi, soda, na sukari katika chai.

RUMATOIDI

Hapa kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume. Mara nyingi vidole vya mikono huvimba, na asubuhi hukakamaa kwa muda mrefu kabla ya kulegea. Dawa za hospitali ndizo huzuia viungo visiharibike, nawe usiziache kwa sababu eti umeanza kula vizuri.

Hata hivyo, mafuta ya samaki yameonekana kupunguza kiasi fulani cha maumivu na kule kukakamaa. Jaribu kula samaki wenye mafuta, kama vile sadini, vibua au omena, mara mbili kwa wiki. Omena si ghali, na kwa vile huliwa pamoja na mifupa yake, huupatia mwili kalsiamu. Jambo hili ni muhimu kwa wagonjwa wanaotumia dawa za steroidi, kwani dawa hizo hudhoofisha mifupa.

JONGO

Ugonjwa huu huanza ghafla, mara nyingi usiku. Kidole gumba cha mguu huvimba na kuuma hivi kwamba hata shuka ikikigusa mgonjwa hupiga kelele. Husababishwa na asidi ya yuriki inayozidi katika damu na kuganda ndani ya kiungo.

Mgonjwa wa jongo apunguze nyama nyekundu, hasa maini, figo na matumbo. Bia na soda pia huongeza asidi hiyo, kwa hivyo nyama choma na bia kila wikendi ni kujitafutia taabu. Omena niliyomsifia mgonjwa wa rumatoidi haimfai huyu.

Na maharagwe je? Wengi hukatazwa bila sababu ya kutosha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2004, uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 huko Marekani kwa miaka 12, ulionyesha kwamba nyama na vyakula vya baharini viliongeza hatari ya jongo, lakini maharagwe na jamii yake hayakuiongeza. Maziwa yaliyoondolewa mafuta hata yalionekana kukinga. Ukitaka kupunguza uzito, usijinyime chakula ghafla, kwani njaa kali inaweza kuamsha jongo.

NENDA UPIMWE

Usikisie ugonjwa wako kwa kusikiliza majirani, wala usinunue unga na chupa za dawa zisizojulikana. Baadhi ya dawa za aina hiyo zimewahi kupatikana zimechanganywa na steroidi kwa siri. Kiungo kimoja kikivimba ghafla na kuwa moto, nawe una homa, fika hospitalini siku hiyo hiyo, maana huenda viini vimeingia ndani yake.

Yule mama alikuwa na ugonjwa wa kulika kwa viungo. Hakuhitaji kuacha hata kimoja kati ya vyakula alivyoviacha. Alirudia maharagwe na maziwa, akapunguza mkate na sukari, na baada ya miezi 6 alikuwa amepunguza kilo 5. Magoti yake hayajapona, lakini sasa anafika nyumbani kwake bila kupumzika katikati ya ngazi.