MACHO MAWILI NA KIOO CHA SIMU

Simu ni chombo chema, lakini kioo chake hakipimi umbali kama macho. Mtu akikiamini karibu na reli au barabara kubwa, aweza kupoteza mguu, hata uhai.

Macho hupima namna gani?

Jicho la kuume na la kushoto huona kitu kwa pande mbili zilizoachana kidogo. Ubongo hulinganisha picha hizo, ukajua kama kitu ki karibu au mbali. Jaribu mwenyewe: shika kalamu mbili, moja kwa kila mkono. Fumba jicho moja, kisha gusanisha ncha zake. Mara nyingi zitapishana. Fumbua macho yote mawili, utaweza upesi.

Kwa vitu vya mbali, ubongo hutazama pia ardhi iliyo katikati. Wataalamu walionyesha watu alama uwanjani, wakawafunga macho, wakawaambia watembee mpaka pale. Hata kwa mita 20 hawakukosea sana. Lakini walipowavika vioo vya picha machoni, wengi waliona umbali kuwa mfupi kuliko ulivyo.

Simu hudanganya kwa njia nyingine. Picha yake ni bapa, na macho yote mawili huona picha ile ile moja. Tena lenzi yake hukusanya mahali papana, hata kitu huonekana kidogo, kana kwamba kiko mbali.

Hatari iko wapi?

Hapa Mutshatsha inapita reli ya Kolwezi na Dilolo, iliyounganishwa na ile ya Angola mwaka 1931. Kitu kikubwa kama treni huonekana kwenda polepole kuliko kinavyokwenda kweli. Haiwezi kukukwepa, wala ikiwa na mzigo haisimami upesi.

Basi shikeni haya:

1. Shusha simu kabla ya kuvuka. Tazama kuume na kushoto, usikilize.
2. Usipige picha ya treni ukiwa relini au kando yake.
3. Mshike mtoto mkono. Hajui bado kupima mwendo wa lori.
4. Dereva anayerudi nyuma kwa kamera ashuke kwanza, atazame kwa macho yake.

Na kama kalamu zinapishana hata ukitumia macho yote mawili, njoo hospitalini upimwe macho.