Maumivu ya Shwanomatosisi na Namna ya Kuyatuliza

Shwanomatosisi ni ugonjwa wa jeni unaootesha vivimbe kwenye mishipa ya fahamu. Vivimbe hivyo, vinavyoitwa shwanoma, hutokana na seli za Schwann, ambazo huufunika mshipa kama mpira unavyofunika waya wa umeme. Jeni mbili za kromosomu ya 22 zimethibitishwa kuwa chanzo: SMARCB1 iligunduliwa mwaka 2007, na LZTR1 mwaka 2014. Wagonjwa walio wengi hawana mzazi wala ndugu aliyewahi kuugua, kwa kuwa hitilafu ya jeni inaweza kuanzia kwao wenyewe.

Kwa kawaida vivimbe hivi si saratani. Kinachomtesa mgonjwa ni maumivu, ambayo mara nyingi huanza ukubwani, pengine miaka mingi kabla ugonjwa haujajulikana. Kivimbe cha ukubwa wa punje ya harage hukaa chini ya ngozi ya mkono. Shati likikigusa, au daktari akikigonga kwa ncha ya kidole, mshtuko kama wa umeme hukimbia hadi vidoleni. Mwingine ana uvimbe mkubwa kama limau na hahisi kitu. Wapo pia wanaoungua kama moto mahali ambapo kipimo cha MRI hakionyeshi uvimbe wowote. Hapo ndipo wagonjwa wengi hudhulumiwa, wakaambiwa kitu kidogo namna hiyo hakiwezi kuuma kiasi hicho. Kauli hiyo ni kosa. Maabara zimebaini kuwa shwanoma zinazouma hutoa kemikali zinazoamsha neva za maumivu, kwa hiyo ukubwa wa uvimbe haupimi mateso ya mwenye nao.

Uvimbe unaouma ukijulikana wazi, upasuaji hufikiriwa mapema. Shwanoma husukuma nyuzi za mshipa pembeni inapokua, hivyo mpasuaji mzoefu anaweza kuibandua na mshipa ukabaki. Vivimbe vikiwa vingi, kuvikata vyote hakufai: kila upasuaji unaweza kuacha ganzi au udhaifu, na maumivu huweza kurudi. Mionzi huepukwa kadiri iwezekanavyo, kwani inaweza kuchochea saratani.

Kwa hiyo wengi huishi kwa dawa. Parasetamoli na jamii yake mara nyingi hazitoshi, maana maumivu haya yanatoka kwenye neva yenyewe. Zinazotumika zaidi ni gabapentini, pregabalini, duloksetini na amitriptilini. Amitriptilini ni ya bei nafuu, lakini karatasi ya maelezo husema ni dawa ya sonona, na mgonjwa akiisoma hudhani ameonekana ana tatizo la akili. Sivyo, dawa hiyo hupunguza pia kelele za neva. Huanzwa kwa dozi ndogo usiku, kwa sababu huleta usingizi na kukausha kinywa, na hupandishwa polepole. Gabapentini haiachwi ghafla. Mofini na dawa za jamii yake zina nafasi kwa muda mfupi, lakini zikitumiwa kwa miaka mwili huzizoea.

Mazoezi ya viungo, usingizi wa kutosha na ushauri wa kisaikolojia huongeza nafuu. Daftari la maumivu, lenye saa, mahali na kilichoyaamsha, humsaidia daktari kuliko maelezo ya kukumbuka.

Maumivu yakibadilika ghafla, yakawa yanamwamsha mgonjwa usiku, au uvimbe ukakua haraka na kiungo kikalegea, aende hospitali bila kuchelewa, kwa sababu hizo zinaweza kuwa dalili za saratani.