Saa moja ya Kigoma bado ni usiku

Februari nilikwenda Kasulu kumwona dada yangu, nikalazwa chumba kinachopakana na jiko. Saa 10:40 alfajiri nikasikia sufuria inagongwa. Nilidhani kuna mgeni mwenzangu anawahi basi la Kigoma mjini. Kumbe ni mpwa wangu, kidato cha kwanza, anapasha kiporo.

"Shikamoo mjomba. Nimekuamsha?"

"Marahaba. Mbona mapema hivi, mama?"

"Si mapema. Leo nimechelewa."

Nje giza lilikuwa totoro. Alichukua tochi ndogo na fimbo iliyoegemezwa mlangoni, akashuka hadi njia panda kuwasubiri wenzake. Nikavaa viatu, nikamfuata. Shule yao ya kata iko kijiji cha nne kutoka hapo, kilomita nane hivi ukipita njia ya mkato. Tulitembea kimya, wao mbele mimi nyuma, na nilichoka kabla yao.

Kila ninapogusa suala la umbali wa shule, watu wa rika langu na walionitangulia hunijibu kwa sauti moja: mtoto wa sekondari ni mkubwa, na atembee, mbona sisi tulitembea. Jibu hilo silibezi. Mtoto wa miaka 14 anayetembea nusu saa asubuhi pamoja na wenzake, tumboni ana kitu, jua limeshatoka, hahitaji kuonewa huruma na yeyote. Anajifunza njia, anajifunza watu, anafika darasani damu imechemka. Sina hamu hata kidogo ya kuona watoto wetu wote wakisombwa kwa mabasi ya manjano mpaka miguu isahau kazi yake.

Ila ukiwauliza vizuri hao wanaosema walitembea, utagundua wengi wanakumbuka shule ya msingi. Sekondari walilala bweni. Tabora, Ilboru, Tosamaganga: mtoto alifaulu, akapewa waranti ya treni au basi, serikali ikamlipia safari, na alipofika alikuta kitanda na mezani kuna chakula. Hata Mwalimu Nyerere, ambaye hutajwa sana kwenye mazungumzo haya, mwaka 1934 alipotoka Butiama kwenda shule ya Mwisenge, Musoma, zaidi ya kilomita 30, alikuwa anakwenda kukaa. Ilikuwa safari ndefu kwa mtoto wa miaka 12, lakini akishafika alikuwa amefika. Hakutakiwa kuirudia kesho yake alfajiri, na keshokutwa, na mtondo.

Kutembea kila siku umbali wa namna hii kwenda sekondari ni jambo la juzi, na lilizaliwa na nia njema. Kuanzia 2006 wananchi walihimizwa kujenga sekondari katika kila kata. Watu walibeba mawe, walifyatua matofali, walichangishwa hadi kuku. Kati ya 2005 na 2010 sekondari za serikali ziliongezeka kwa zaidi ya 2,000. Mamia kwa maelfu ya watoto ambao wangeishia darasa la saba wakapata nafasi, na mimi sitamsikiliza mtu anayezidharau shule za kata kana kwamba zilikuwa kosa. Kisha mwanzoni mwa 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne. Tatizo ni hesabu ndogo ambayo haikumaliziwa. Shule ya msingi iko kijijini. Sekondari iko kwenye kata, na kata moja ina vijiji kadhaa. Kijiji kilichobahatika kupata jengo watoto wake wanatoka kitandani na kuingia darasani. Kijiji cha mwisho kinalipa kwa miguu ya watoto wake, ingawa kilichanga matofali sawa na wengine.

Malipo hayo yanahesabika. Kilomita nane zenye vilima, na mkoba mgongoni, ni karibu saa mbili. Kwenda na kurudi saa nne. Mwaka wa masomo una siku 194, kwa hiyo ni saa 776 barabarani. Kipindi cha sekondari ni dakika 40: hizo saa ni sawa na vipindi 1,164. Shule yenye vipindi vinane kwa siku ingehitaji wiki 29 kuvifundisha. Yaani mpwa wangu anatembea karibu robo tatu ya ratiba yake ya mwaka, kisha ndipo anaulizwa kwa nini hesabu zimemshinda, mbona mtoto wa mtendaji anayekaa jirani na shule anafaulu.

Njaa nayo isiongezewe maneno mengi. Aliyekula kiporo saa 11 alfajiri, akifika saa 8 mchana shule isiyo na chakula, anachoandika daftarini ni mkono tu unakwenda.

Lakini kilichonikaa kichwani asubuhi ile ni giza. Tulianza njia saa 11:05, na kwa karibu safari nzima sikuona uso wa mtoto hata mmoja. Nilikuwa nawatambua kwa sauti. Tulipoliona lango la shule ilikuwa saa 12:50, na ndiyo kwanza kunapambazuka. Jua lenyewe lilichomoza wameshamaliza kufagia, saa 1 imeshapita.

Saa yetu ya Kiswahili imefungamana na jua. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza tangu kuche. Mtu wa pwani akisikia saa moja anaona kivuli chake tayari. Tumezoea hivyo hata hatuulizi. Kumbe saa ya nchi yetu imewekwa kwa kufuata mstari wa longitudo 45 mashariki, unaopita Somalia na Madagaska, mbali na ufuko wetu. Nchi nzima iko nyuma ya saa yake, na kadiri unavyokwenda magharibi ndivyo unavyozidi kuachwa. Katikati ya Februari jua la Dar es Salaam huchomoza saa 12 na nusu hivi. La Kigoma huchelewa kama dakika 40 zaidi, kwa hiyo saa moja ya Kigoma mwezi huo ni usiku unaoaga. Ukivuka mpaka pale Manyovu kuingia Burundi, jua ni hilohilo na umande ni uleule, lakini saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima. Mtoto wa upande ule anayetakiwa shuleni saa 1:30 anatoka nyumbani kumeshakucha. Wa upande wetu, akiwa na ratiba ileile kwenye karatasi, anatangulia na fisi.

Na angalia mambo yanavyogongana. Januari na Februari ni kati ya miezi ambayo jua la magharibi huchelewa kuchomoza. Januari ndipo kidato cha kwanza wanapoanza. Ni watoto waliotoka shule iliyoonekana kutoka uani kwao, hawaijui njia, na ni wakati wa mvua, vijito vimejaa. Yaani mwaka unawapokea wageni hawa kwa alfajiri nyeusi.

Ninaliganda hili la saa kwa sababu ndilo lisilodai saruji wala mabati. Shule mpya ni mamilioni mengi. Kusogeza kengele kutoka saa 1:30 hadi saa 2:30 kwa shule za Kigoma, Katavi na Kagera, angalau Januari hadi Machi, ni uamuzi. Jioni haitawaponza, kwani jua linalochelewa kuchomoza huchelewa pia kuzama. Februari mtu wa Kigoma anaona mwanga hata saa 1 ya jioni imepita. Ratiba moja kwa nchi nzima ni rahisi kwa anayeiandika. Anayeitembea ni mwingine.

Giza hilo halimtishi kila mtoto kwa kiasi kimoja. Mvulana huogopa nyoka na mbwa. Msichana huogopa hivyo vyote, na pikipiki inayopunguza mwendo. Sitaki kuwavunjia heshima waendesha bodaboda wote. Wapo wanaowabeba watoto wa majirani kwa malipo ya mwisho wa mwezi, na mzazi analala usingizi kwa ajili yao. Lakini kila mwalimu wa shule ya kata anaijua hadithi inayoanza na lifti. Mtoto ametembea saa moja, amebakiza saa moja, mvua inanyesha, mwalimu wa zamu yuko getini na kiboko, na mtu anamwambia panda, sitaki hela. Wiki ya pili anapanda tena. Wiki ya tatu anadaiwa.

Tumeandika sheria kali kuhusu mwisho wa hadithi hiyo. Mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Novemba 2021 serikali iliruhusu waliojifungua kurudi shuleni, jambo ambalo lilinifurahisha na bado linanifurahisha. Ila zote hizo ni hatua za baada ya lifti.

Chini ya mwembe ulio karibu na lango, watoto wale waliegemeza fimbo zao, maana hazikubaliwi ndani. Walikuwa sita. Fimbo zilikuwa saba.

"Hiyo nyingine ya nani?" nikauliza.

"Ya dada mmoja wa kidato cha tatu. Tuliikuta hapa."

"Yeye hatembei tena?"

"Alipanga geto, mjomba. Halafu akaacha."

Geto ni chumba cha kupanga karibu na shule. Wazazi wa mbali hukodi kimoja, watoto wawili watatu wanawekwa humo na debe la unga, wanajipikia. Nimesikia watu wakilisifu kama ufumbuzi. Ni kumwondoa mtoto barabarani kwa saa nne na kumwacha bila mtu mzima kwa saa ishirini. Kama kuna jambo ambalo naona ni baya kuliko kutembea kilomita nane, ni hili, na mzazi anayechagua kati ya hayo mawili simlaumu kwa lolote alilochagua.

Baiskeli ingefaa? Mwaka 2006 jimbo la Bihar, India, lilianza kuwapa wasichana wanaoingia darasa la 9 fedha za baiskeli. Wachumi Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walipochunguza matokeo walikuta uandikishaji wa wasichana wa kiwango hicho umepanda kwa takriban asilimia 32, na nafuu kubwa ilikuwa kwa wanaokaa mbali na shule. Bihar ni tambarare. Tabora na Shinyanga pia, na huko baiskeli ni kiungo cha mwili. Kwa vilima vya Kasulu sina hakika kwamba mtoto angeipanda zaidi ya kuisukuma. Kwao mimi ningeanza na bweni la wasichana, lenye mlezi na jiko, hata kama ni la vitanda 40, wapewe wa kijiji cha mwisho kwanza. Mara nyingi vitanda vya bweni hugawiwa kwa anayeweza kuchangia, na anayeweza kuchangia mara nyingi anakaa karibu na barabara.

Kuna sababu ya kuharakisha. Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi: sita ya msingi, minne ya sekondari. Naiunga mkono. Lakini msingi ukiwa miaka sita badala ya saba, maana yake mtoto ataingia sekondari akiwa mdogo kwa mwaka mzima. Huyo tunayemwita mkubwa, anayeweza kutembea, atakuwa na miaka 12. Naye hataruhusiwa kubaki nyumbani, kwa kuwa sasa ni lazima. Nchi ikishamwambia mtoto lazima uende, njia ya kwendea inakuwa deni lake.

Nilipomweleza dada habari za longitudo alicheka kwanza. Kisha akauliza mambo mawili matatu, akanyamaza, akaenda kusimama mlangoni akiangalia upande wa Burundi. Kikao cha wazazi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Ameniomba nimwandikie kwenye karatasi jua linachomoza saa ngapi Kasulu, mwezi kwa mwezi, Januari hadi Desemba, apate cha kushika mkononi akisimama kuongea. Nimemwandikia kwa herufi kubwa, upande wa kulia nikaacha nafasi ya kuweka saa za kengele.