Ramani ya Mto na Wanaochota Maji

Mvua za masika zinaponyesha, bahari ya Malindi hubadilika rangi. Samawati huingiwa na wekundu wa udongo uletwao na Mto Sabaki. Mto huu huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi kwa jina la Athi, hupokea maji ya Mto Tsavo ukaitwa Galana, na hufika kwetu ukiwa Sabaki. Udongo huo ni wa mashamba na kingo zilizokatwa miti huko juu. Na kutoka visima vya Baricho, kando ya mto huo huo, wakazi wengi wa Malindi, Kilifi na Mombasa hupata maji ya kupikia na kutawadhia.

Sheria ya Maji ya 2002, na ile ya 2016 iliyoirithi, inawaruhusu watumiaji wa mto kuunda jumuiya za kuutunza na kusuluhisha migogoro. Lakini mara nyingi ugomvi hukosa ushahidi. Wa chini hudai maji yamezuiwa, wa juu hukana, na mkutano huisha kwa maneno matupu.

Hapa ndipo simu ya mkononi hufaa. Simu hupokea ishara za setilaiti na kuonyesha mahali ilipo kwa makosa ya mita chache, hata pasipo mtandao. Mwanajumuiya husimama penye ukingo uliomomonyoka, pampu au chemchemi iliyokauka, akapiga picha na kujaza maelezo mafupi. Akifika penye mtandao, taarifa hutumwa na kuwa alama katika ramani ya wote. Picha za mahali pamoja, za kiangazi na za masika, zikiwekwa sambamba, ni vigumu kuzikana.

Majirani zetu wa Dar es Salaam wamekwisha kulijaribu jambo hili. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa ya mafuriko. Wakaandika mitaro na vijito, na kuwauliza wenyeji maji hufika wapi. Setilaiti huona paa la nyumba; aliyeishi humo ndiye ajuaye maji yalifika magotini au kifuani.

Swali kubwa ni nani ashikaye simu. Ikiwa ni wanaume peke yao, ramani itajaa pampu na mashamba, na vitakosekana vivuko vya wachotaji, visima vya msimu, na mahali mamba alipowahi kuonekana. Na kisichoandikwa katika ramani huwa hakimo katika mpango wala bajeti.

Basi akina mama, jumuiya ya maji itakapoita watu kuandika mto, tuhudhurie pamoja na binti zetu wenye ujuzi wa simu. Na ramani ikikamilika, tudai isomwe hadharani barazani, tupate kusahihisha palipokosewa. Maji ni amana, na amana huhitaji mashahidi.