Boti ikipita Muyinga na Gitega, usalama wake huamuliwa kabla ya kupakia

Boti ikiwa majini, maji huishika pande zote kwa usawa. Ikipandishwa kwenye lori, uzito wake wote hulalia sehemu chache zinazogusa bodi ya gari. Shimo moja barabarani linatosha kutenganisha mbao ambazo ziwa halikuweza kuzitenganisha kwa miaka mingi, na hapo mtaji wa mfanyabiashara hupasuka kabla boti haijaonja maji mapya.

Njia yenyewe inajulikana. Boti inayonunuliwa Mwanza hupita Geita, Biharamulo na Ngara hadi Kabanga, kisha huvuka mpaka Kobero na kuingia Muyinga. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko iliyokuwa ikiwachelewesha wenye malori.

Muyinga ndipo njia zinapogawanyika. Anayepeleka chombo Ziwa Rweru huelekea Kirundo. Anayekwenda Ziwa Tanganyika hupita Karusi hadi Gitega, akapanda Bugarama na kuteremka Bujumbura.

Ugumu wa safari uko kwenye milima. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Tanganyika liko mita 773. Lakini kati ya maziwa hayo mawili boti hupandishwa hadi zaidi ya mita 2,000 huko Bugarama, kisha huteremshwa kwa kona kali katika umbali usiofika kilomita 40.

Si jambo geni

Tanganyika limezoea vyombo vinavyofika kwa nchi kavu. Meli inayoitwa leo MV Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915.

Mwaka huohuo Waingereza walipeleka boti mbili, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town hadi ziwa hilohilo kwa reli, mto na barabara ya porini. Katika milima ya Katanga zilivutwa na mashine za mvuke na ng'ombe. Zilifika nzima kwa sababu kila moja ilitengenezewa kitanda chake cha kusafiria.

Kitanda kwanza

Mfanyabiashara wa leo naye anahitaji kitanda hicho. Mkuku ndio unaopaswa kubeba uzito, hivyo hulazwa juu ya magogo au mbao nene zilizopangwa kwa urefu wote, si mbili tu za mbele na nyuma. Mbavu za boti huzuiwa na vishikizo vya pembeni vilivyokatwa kufuata umbo lake, vikawekwa pale yalipo mataruma. Matairi chakavu au magunia huwekwa kati ya mbao na mbao ili zisisuguane.

Injini hushushwa na kusafirishwa peke yake ikiwa imefungwa vizuri. Kizibo cha chini hufunguliwa ili maji yote yatoke. Lita 200 zilizosahaulika ni kilo 200 zinazokimbia huku na huko kila dereva akikata kona.

Kosa linalowagharimu wengi ni kuigeuza boti kuwa kontena. Inaonekana ni hasara kusafirisha chombo kitupu, basi mchele, saruji au magunia ya dagaa hujazwa ndani. Majini mzigo wa ndani hujibiwa na maji yanayosukuma kutoka nje. Barabarani hakuna kinachosukuma, na mataruma hubeba peke yake. Tena bidhaa isiyoandikwa kwenye karatasi ikikutwa tumboni mwa boti, safari nzima hukwama mpakani.

Katika kufunga, mikanda ipite juu ya vishikizo, si katikati yake, na ubao uwekwe juu ya kingo mbili za boti ili mkanda usizibane. Kamba ya nailoni hulegea ikilowa, kwa hiyo kagua baada ya kilomita 30 za kwanza, kisha Kabanga, na tena Gitega.

Boti ya mbao ifunikwe turubai. Jua na upepo wa safari hukausha mbao na kufungua maungio.

Karatasi za Kobero

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 1, 2007. Chombo kilichotengenezwa ndani ya Jumuiya na kutimiza masharti hupata hati ya uasili na unafuu wa ushuru wa forodha. Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo una kikomo cha dola 2,000 na orodha yake ya bidhaa. Boti kubwa huvuka kiwango hicho, hivyo tafuta hati ya kawaida kabla ya kuondoka Mwanza.

Injini iliyotengenezwa Japani haibadiliki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kupachikwa kwenye boti ya Mwanza. Iandikwe peke yake, na wakala wa forodha aulizwe ushuru wake mapema ili uingie kwenye bei.

Pima pia upana na kimo boti ikiwa juu ya gari, kuanzia lami. Kontena la kawaida lina upana wa mita 2.44, na lori limejengwa kwa kiasi hicho. Kinachozidi bodi ya gari huhitaji kibali cha mzigo usio wa kawaida. Upande wa Tanzania, kibali hicho huanzia TANROADS.

Baiskeli za mlimani

Baada ya Kobero magari hupita kulia. Dereva wa lori la Tanzania hukaa upande wa ukingo wa barabara na haoni vizuri gari linalokuja. Utingo ndiye jicho lake, na kupita gari jingine kusiwe jambo la haraka.

Hatari kubwa iko nyuma. Kwenye miinuko ya Burundi waendesha baiskeli hushika malori ili wavutwe, na kwenye mteremko hushuka kwa kasi na mikungu ya ndizi. Tezi ya boti iliyochomoza nyuma ya bodi inaweza kuua mtu. Funga kitambaa chekundu, na giza likikaribia lala Muyinga au Gitega. Mafuta nayo yajazwe Ngara, kwa kuwa uhaba wake umeisumbua Burundi kwa miaka kadhaa.

Gitega ni mahali pa kuingia chini ya boti na kutazama mkuku kwa tochi. Ufa unaoonekana hapo bado una seremala wa kuuziba. Ukionekana kwenye kona za Bugarama, hakuna pa kusimama.

Boti ikifika, isafishwe na kukaushwa ili gugumaji na matope ya ziwa moja visihamie jingine. Kisha ya mbao iachwe siku moja au mbili kwenye maji ya kina kifupi ili mbao zivimbe na kubana, na panapovuja pakalafatiwe. Mnunuzi aitwe baada ya hapo, kwa sababu bei ya boti kavu inayovuja haiwezi kurudisha gharama ya barabara.