Pesa Imetoka, Kaunta Inasema Bado: Waya Wako Umepimwa?

Mteja amelipa kwa simu, SMS imeingia, lakini keshia anasema, "Kwangu bado haijaonekana." Mara nyingi pesa haijapotea. SMS ilipitia mnara wa simu. Taarifa ya kaunta hupitia intaneti na waya za duka lenyewe. Waya ukiwa mbovu, taarifa hukwama. Mteja, usilipe mara ya pili: onyesha msimbo wa muamala, keshia aukague kwenye akaunti ya tili.

Wewe mwenye duka au hoteli hapa Naivasha, usiridhike fundi akikuambia "iko sawa, taa zinawaka." Kile kifaa kidogo cha taa huonyesha tu kwamba nyuzi 8 zimeunganishwa kwa mpangilio. Hakisemi kama waya utabeba data kaunta zote zikifanya kazi. Kifaa cha kuthibitisha hupima urefu, nguvu ya mawimbi inayopotea njiani na jinsi jozi 4 za nyuzi zinavyoingiliana. Kisha hulinganisha matokeo na viwango kama ISO/IEC 11801: umefaulu au umefeli.

Kabla hujamaliza kumlipa fundi, angalia haya:

1. Urefu. Kebo ya shaba kama Cat6 isizidi mita 100: 90 zilizofungwa ukutani, na 10 za kuunganisha vifaa. Kama baa yako iko kando ya ziwa, mbali na mapokezi, ulizia faiba.

2. Shaba kamili. Kebo nyingine za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba. Hukatika upesi, na viwango haviikubali.

3. Stima. Waya wa data usifungwe pamoja na waya wa umeme.

4. Ripoti. Kila waya uwe na lebo yake na ukurasa wake wa vipimo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

5. Leseni. Muulize mkandarasi leseni yake ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya (CA).

Mkubaliane mapema kwamba sehemu ya malipo itabaki hadi ripoti ifike. Waya mmoja ukifeli, aurekebishe kisha aupime upya.

Na kumbuka: anayepima waya hahitaji PIN yako. Akiiomba, simamisha kazi hapo hapo.