Konokono na Lango la Sodiamu

Wapo walimu wanaoshikilia kwamba Kiswahili chafaa kwa mashairi na hutuba, lakini biolojia katu hakiiwezi. Juzi mwanafunzi wangu aliniletea tafsiri kuhusu sumu ya konokono wa baharini, akiwa ameandika kwamba sumu hiyo “hufunga lango la sodiamu”. Nilimrudishia. Kiswahili hakikuwa kimepungukiwa. Yeye ndiye aliyekitumia kwa ubahili.

Konokono mwenyewe si mgeni pwani ya Kenya. Kombe lake lina umbo la pia na michoro ya kuvutia, nao watu huliokota bila kujua kwamba ndani mna mwindaji. Maadamu hana mbio, humchoma samaki kwa jino lenye uwazi ndani, mfano wa chusa, na sumu hupitia humo. Yule aitwaye Conus geographus amewahi kuua watu, na hadi leo hakuna dawa mahususi ya kuivunja sumu yake.

Tuingie basi ndani ya mwili. Utando wa seli za neva na za misuli una malango madogo mno ya protini, ambayo hupitisha ioni za sodiamu. Ujumbe ufikapo, lango hufunguka, sodiamu huingia kwa kasi, na baada ya muda wa milisekunde hivi lango hujifunga. Hodgkin na Huxley, wa Uingereza, walilieleza wimbi hilo mwaka 1952 kwa kupima neva nene ya ngisi.

Conus geographus ana sumu iitwayo mu-konotoksini, mnyororo wa asidi-amino 22 tu. Hukaa mdomoni mwa lango kama kizibo chupani. Haifungi, huziba, hata lango likiwa wazi. Tena huchagua: huziba malango ya misuli tunayoiendesha kwa hiari, ikiyaacha kwa kiasi kikubwa yale ya neva, ilhali sumu ya bunju huziba ya pande zote mbili. Ndiyo sababu watafiti huitumia kuutuliza msuli ili waichunguze neva iliyoungana nao.

Delta-konotoksini, ya konokono wengine wa jamii hiyo, hutenda kinyume: hulizuia lango lisijifunge. Sodiamu huendelea kuingia, neva husisimka bila kukoma, na samaki hukakamaa. Yule wa kwanza alilegea. Wote wawili wamepooza, lakini kwa njia zinazopingana.

Sasa rudi kwenye ile tafsiri. Lango lililofungwa ni la seli iliyotulia katika mwili wenye afya. Ujumbe ukifika, litafunguka. Lililozibwa halipitishi kitu hata likifunguka. Funga, funguka, jifunga, ziba: tofauti ambayo wataalamu waliipata kwa vyombo vya thamani kubwa, sisi tumeibeba katika vitenzi tangu utotoni, kisha twawaambia wanafunzi kwamba lugha yao haina msamiati. “Konotoksini” ni neno la kukopa, wala halinikeri. “Mfereji”, ambalo wengine hulipendekeza, silitaki. Mfereji haufunguki wala haujifungi.

Mwanafunzi amesahihisha. Sasa anauliza tukiiteje kile kiwango cha umeme ambacho sharti kifikiwe ndipo malango yafunguke kwa wingi na ujumbe usafiri. Nimempa “kizingiti”. Mwenzangu wa idara ya biolojia bado hajakubali.